Nilisema "bien reçu" na sikusikia hata kitu

Bandugu, kosa ni yangu. Yangu yote! Musianze kutafuta vita, batri ao shetani. Miye peke yangu njo niliharibu, na mutu mwengine akaazibiwa.

Ilikuwa miaka ya vita. Wakati ile, ku Butembo hakukuwa telefone ya kuzungumza na mutu wa Beni. Barua ilienda na dereva wa lori, kama dereva mwenyewe alifika. Donc batu balikuja ku phonie: radio moja ya kusemea, waya ya antene juu ya mabati, batri ya gari chini ya meza, na benchi ya bale banaongojea zamu.

Patron wetu alitoka Kisangani. Serikali ilimutumaka huku ku kazi ya posta, mushahara ikapotea njiani, naye akafungua phonie mbili: moja Butembo karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, moja Beni. Alikuwa anaita kila mutu "leki", mudogo wangu, hata bazee.

Tulikuwa babili tunafunzwa kazi. Miye Butembo, na binti mumoja Beni, jina yake Kahindo. Sikumuonaka na macho hata siku moja, nilimujua kwa sauti tu. Kila asubuhi patron alitufundisha hewani: Alpha, Bravo, Charlie, kusema polepole, kusafisha vichwa vya batri, kutafuta waya gani imekatika, kumupokea mutu mwenye shida bila kumukasirikia. Patron akiuliza swali, miye ningali nakohoa, Kahindo amekwisha kujibu. Aliniuzi, kweli!

Maana nafasi ilikuwa moja. Fundisho ikiisha, patron atachagua mumoja awe mukubwa wa phonie ya Beni, ile yenye clients bengi. Mwengine atarudi kwao.

Na sheria ya kwanza patron aliirudilia kila siku: "Leki, kama hukusikia, sema répétez, rudilia. Mara kumi kama inapasa. Haya iko hapana!"

Miye haya nilikuwa nayo. Na kichwa kubwa juu yake!

Siku moja akafika Mama Masika, mama wa chorale ya kanisa yetu ya protestanti. Mutoto wake Kambale alikuwa anaoa binti wa Beni. Familia mbili balikwisha kusikilizana zamani, ilibaki tu kupanga siku ya kupeleka mbuzi ya mahari.

"Opérateur, baulize: jumamosi tunaweza kuja?"

Nikaita Beni, Kahindo akatuma mutu kuita bale batu. Baada ya saa moja akarudi hewani na jibu. Wakati ile ile, ndege ikaanza kushuka Rughenda, na batri yangu ilikuwa imechoka. Asubuhi nilipashwa kuiweka ku chargeur, nikaenda kunyoa nywele.

"Beni, répétez. À vous." Yaani zamu yako kusema.

Kahindo akarudilia. Nikasikia sauti inapanda, inashuka, na katikati yake kelele tupu. Pale ku benchi mzee mumoja akasema: "Huyu kijana masikio yake bado kuota!" Benchi yote ikacheka. Hata Mama Masika alicheka, yeye na roho yake nzuri!

Basi nikavimba. Nikabonyeza kifungo: "Bien reçu, Beni. Terminé." Maana yake nimesikia vizuri, tumemaliza. Nikageuka na tabasamu: "Mama, banasema karibuni sana. Jumamosi banabangojea."

Mais munielewe, miye nilifikiri bangejibu nini ingine? Mapatano ilikuwa imekwisha kufanyika! Nikaandika mu kaye na maandishi mazuri: *Karibuni jumamosi.*

Jumamosi balienda. Lori moja, mbuzi kumi na mbili, chorale nzima na vikwembe ya kufanana. Barabara ilikuwa na vizuizi vya basoldat, kila kimoja na maneno yake, balipita vyote banaimba. Kufika Beni, bakashuka ku lango ya kwao na muchumba, Mama Masika mbele, anacheza na kitambaa mukononi, sauti juu!

Ee Nyamuhanga, Mungu wetu! Mu kiwanja kulikuwa moto wa kilio. Banaume balikaa pembeni yake, banamuke chini, nguo imefungwa ku kiuno. Bibi ya muchumba alikufaka siku ile ile tulisemezana. Kahindo alisema mara mbili: bibi amefariki, musikuje, ngojeni tumalize kilio.

Baliniambia kama chorale haikunyamaza mara moja. Bale ba nyuma habakuona, baliendelea na halleluya. Mujomba wa muchumba akasimama: "Nyinyi munakuja kutucheka?" Mama Masika akaanguka magoti na kikwembe yake mupya. Usiku ile bakalala ndani ya lori na mbuzi yao.

Munaweza kucheka. Hata miye, siku zingine, nacheka kidogo ile ya mbuzi. Ile ilifuata hainichekeshe.

Jumatatu, bamekwisha kurudi, patron akaita Beni, na Mama Masika amesimama mbele yetu, macho imevimba. Phonie haina siri: mutu akisema, kila mutu mwenye radio ku fréquence ile anasikia. Maparokia, bacommerçants, mpaka kule Lubero.

"Patron," Kahindo akasema, "niliwaambia musikuje. Mara mbili. Butembo alijibu bien reçu."

Patron akaniangalia. Pale ningeweza kusema. Ilikuwa neno moja tu! Nikafungua kaye, nikaonyesha na kidole: "Miye niliandika vile nilisikia."

Patron akamukaripia hewani: "Kahindo, weye unalalaka ku kazi! Unatia familia mbili haya! Leo utoke ku ile kiti!"

Kisha sauti yake, polepole, vile tulifundishwa: "Bien reçu. Terminé."

Baada ya miezi mitatu nilikaa ku kiti yake kule Beni. Patron alinipongeza mbele ya batu. Miye huyu!

Na Beni haikumusahau. Balimupa jina: Binti wa Matanga. Client akifika ananiuliza: "Ule Binti wa Matanga alipoteaka wapi?" Nilikuwa nainama, naangalia batri.

Alikuwa sokoni. Siku moja nilienda kutafuta mafuta ya ngazi, yaani mawese, nikasikia nyuma yangu: "Répétez, mama, sikusikia vizuri, unataka chupa ngapi?" Sauti ile! Nikageuka, nikamuona mara ya kwanza: mufupi, kilemba ya kijani, mikono nyekundu ya mafuta.

Nikanunua chupa mbili, nikakimbia. Juma ilifuata, tena. Nikawa client yake! Siku zingine nilimupa zaidi nikakataa chenji, naye ananitupia chenji ku mufuko. Nyumba yangu ilijaa mafuta, jirani yangu akaniuliza kama nafungua depo.

Vita ikapungua, telefone za mukononi zikafika, phonie ikakufa. Ile kazi niliiba, ikaishia mikononi mwangu! Siku tulifungua antene ku mabati, nilienda sokoni bila chupa.

"Kahindo," nikamuambia, "miye njo Butembo."

Akaacha kumimina. "Najua. Nilijua sauti yako siku ya kwanza ulisema mafuta. Nilikuwa nangojea uanze."

Nikamueleza yote: ndege, batri, nywele, benchi. Nililia mbele ya batu. Nikamuomba masamaha. Nilifikiri atanitukana ao atanikumbatia. Akapangusa mikono.

"Uliniharibia jina hewani, batu bote banasikia," akasema. "Sasa unakuja kunitengeneza huku, katikati ya vidumu, masikio yangu peke yake? Hapana. Kule uliniangushia, njo kule utanisimamisha."

Phonie imekufa, donc njo hii naandika, batu bote basome. Batu ba Beni, batu ba Butembo, munasikia? Kahindo hakulala ku kazi. Kahindo alisema vizuri, mara mbili. Mama Masika, kama ungali muzima: mudanganyifu ni miye.

Na weye kijana unayefunzwa leo kazi ya kusaidia batu, ya telefone ao ya ordinateur: mutu akikuuliza kitu na hujui, sema sijui. Hukusikia, sema sikusikia. Bakucheke! Kicheko ya benchi inaisha kabla ya soko kufunga. Ile jibu ulitunga, mutu mwengine atatembea nayo mpaka uzee.

Jina yangu sijaandika hapa. Ya Kahindo nimeiandika, yangu nimeificha, munaona vile niko? Akisoma hii atasema bado sijamaliza. Na ni kweli, bado sijamaliza.