Hoja ya Baba Mkwe

Nilipoacha seminari, kijiji chetu kizima cha Kanazi kikanibatiza upya: padri nusu. Bingwa wa kunitania alikuwa shangazi yangu. "Hiyo falsafa uliyosoma miaka yote, inaliwa na mboga gani?" Nilicheka naye, maana nilijua nilichobeba. Nilikuwa nimemsoma yule Mgiriki wa kale aliyewauliza watu maswali mpaka wakamnywesha sumu. Nilikuwa nimewasoma na watawa wa zama za kati, waliokuwa na kanuni niliyoipenda kuliko zote: usimjibu mtu kabla hujaisema hoja yake vizuri kuliko alivyoisema mwenyewe.

Kisha nikapata kazi ya ualimu, na huko nikapenda. Alikuwa mwalimu mwenzangu, binti wa Wasukuma wafugaji waliohamia Nyakahura. Siku ya posa nilikwenda na mjomba wangu, mshenga. "Wewe kaa kimya," alinionya njiani. "Mwoaji haongei."

Baba wa binti alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mjomba. "Ng'ombe tutaongea. Lakini kijana wako kamwacha Mungu mwenyewe. Binti yangu ndiye atamweza?"

Loo! Mjomba, msemaji hodari wa minadani na misibani, akabaki kukohoa. Nikaona mke ananiponyoka hivi hivi, nikafungua mdomo.

"Samahani, mzee. Hoja yako ni nzito, ila umeipunguza." Mjomba akanikanyaga mguu. Sikujali. "Parokia ilinichangia ada. Mama yangu alishaanza kuitwa mama wa padri. Wote hao niliwaangusha. Mtu wa namna hiyo, hata mimi nisingempa binti yangu upesi."

Mzee akasogeza kiti mbele. "Enhe. Yangu umeyamaliza. Ya kwako?"

"Kuanza safari si kuapa, mzee. Mimi nilikuwa mwanafunzi, sikuwa nimeapa. Siku ya kiapo ilipokaribia nilijichunguza, nikaona sitakiweza. Nikaondoka na aibu yangu kabla sijamdanganya Mungu. Sasa mtu aliyeogopa kumwapia Mungu uongo, atathubutu vipi kukuapia wewe uongo?"

Maneno nilikuwa na uhakika nayo, lakini bado niliogopa, kwa sababu nilimpenda yule binti, jamani, nilimpenda kweli.

"Kumbe shule yako haikuwa ya bure," mzee akasema. "Basi apa. Hapa hapa, kabla ya ng'ombe."

Mjomba akaanza kueleza kwamba viapo ni vya kanisani. Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Nikasimama. Neno lile, 'naapa', ambalo seminari nzima ilikuwa ikiniandaa kulitamka, sikuwahi kulitamka popote. Nikamwapia kwamba binti yake sitamwacha. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maziwa mikononi, amesahau kuliweka chini.