Mbegu za Bibi na Mvua ya Maembe

Kitabu chetu cha Kifaransa kilikuwa na ukurasa niliousoma mpaka ukachakaa: printemps, majira ya kuchipua. Theluji inaisha, maua yanatoka, watu wanapanda. Nikauliza darasani: yetu inaanza lini hapa Lubumbashi? Mwalimu alisema hatuna, tuna kiangazi na mvua, basi. Sikukubali hata kidogo. Mwezi wa tisa jakaranda zilichanua barabarani, na nje ya mji miti ya pori ilitoa majani mekundu kabla tone halijaanguka. Hiyo ni nini, kama si printemps? Na miti ilijuaje?

Mchana mmoja ikanyesha. Mama alikuwa Sakania, kwenye kilio, matanga ya dada yake. Juu ya kabati aliacha kopo la maziwa ya unga lenye mahindi meupe ya bibi, mama yake, aliyetutoka mwaka ule. Mbegu zile hazikupatikana sokoni. Bibi alizichagua mwenyewe, gunzi kwa gunzi, tangu ujana wake. Kabla ya kuondoka mama aliniambia, "Mvua ya kwanza iko ya maembe, haiko ya mahindi. Uiache ipite."

Lakini kitabu kilisema vingine, na mimi niko kichwa nguvu. Nikapanda zote nyuma ya nyumba.

Baada ya siku chache zikaota, na mimi nikaimba! Kila asubuhi nilichuchumaa kuzitazama: ziliusukumaje udongo, vitu vidogo hivyo? Mama aliporudi akasimama pale, mkono kinywani.

"Yooo, mutoto wangu! Umebakisha hata kidogo?"

Sikubakisha.

Jua likarudi kali. Bomba lilikuwa kavu, tukamwagilia maji ya kuoshea vyombo, mimi na yeye. Wiki ya tatu hakukuwa tena na cha kumwagilia, miche yote ilikuwa imekauka. Nililia kwa hasira, nikakichukia kitabu. Mama hakunipiga, na hilo liliniuma zaidi.

Siku hizi, majani mekundu yakitoka, bado namuuliza, "Mama, hii si printemps yetu?"

"Iko printemps," ananijibu. "Lakini iko ya kuangalia tu, haiko ya kupanda."

Tunacheka. Kopo bado liko juu ya kabati. Mama analipangusa vumbi kila Jumamosi, na hajawahi kutia kitu kingine ndani.