Friji Niliyoizima

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri, nilipochomoa waya wa friji ili nipige pasi sare za shule. Jikoni kwetu Ipagala soketi iliyokuwa inafanya kazi ni moja tu. Ya pili iliungua tangu masika. Kila Jumapili ilikuwa hivyo: nachomoa friji, nachomeka pasi, nanyoosha sare za wiki nzima kwa sababu umeme wa asubuhi hauaminiki, halafu nairudisha friji. Ni dakika ishirini, wala hakuna aliyewahi kunigombeza.

Jumapili ile nilisahau kuirudisha.

Nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Wazazi wangu wako kijijini Haneti, wanalima. Mama mdogo ni karani serikalini, alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwa na mtoto. Ndani ya friji, kwenye kopo la siagi, alikuwa ameficha sindano zake za dawa, zile zenye umbo la kalamu. Zilikuwa za kukuza mayai, ili kliniki ya Dar es Salaam iyatoe, iyarutubishe maabara kwa mbegu za baba mdogo, kisha impandikizie tumboni. Majirani tuliwaambia ana sukari.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza ilishindikana, nikamsikia akilia bafuni huku amefungulia bomba. Safari hii daktari alimwambia ndiyo ya mwisho kwa mayai yake mwenyewe. Alinieleza siku moja tukichambua mchele.

"Mwanangu, kinachoamua zaidi ni umri. Mayai yanazeeka na mwenyewe, hata ujipake nini usoni. Baba yako mdogo ameacha sigara, mimi nimepungua kilo, lakini umri siuwezi. Nilichobakiwa nacho ni kuchoma saa ileile kila siku, na dawa ikae kwenye ubaridi."

Saa kumi na mbili jioni nilifuata maji ya kunywa. Nilipofungua friji, taa ya ndani haikuwaka. Ulikuwa mwezi wa kumi, jua la mchana kutwa limepiga ukuta wa jiko, bati bado linalia kwa joto. Barafu ilikuwa imeyeyuka, imechuruzika mpaka chini. Nikashika kalamu moja. Haikuwa na ubaridi hata kidogo.

Nilichofanya baada ya hapo naona aibu kukiandika. Nilichomeka friji, nikafuta maji, nikaenda kuanika tambara nyuma ya choo ili lisionekane.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa anazikagua sare zangu huku anatafuna karanga. "Duh! Zimenyooka kuliko barabara ya Msalato. Unakwenda shule au unakwenda bungeni?"

"Mwache mtoto," mama mdogo akasema kutoka sebuleni. "Shati lako lenyewe kama karatasi ya maandazi."

Wakacheka. Mimi nikazikunja sare.

Saa moja na nusu ikafika. Mama mdogo aliketi ukingoni mwa kitanda, akapandisha blauzi. Kazi yangu ilikuwa kumshikia pamba ya spiriti.

"Mbona unasitasita? Nachomwa mimi, unaogopa wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi lete pamba."

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Dawa imepata joto, ni hayo tu. Nikampa pamba. Akachoma, akafumba macho, midomo ikicheza kwa sala. "Bado sindano tano," akasema.

Niliogopa kurudishwa Haneti, sitadanganya. Ila kilichoniumiza zaidi ni kingine: kwamba mayai hayatakua, na yeye atasema ni umri. Ataulaumu mwili wake maisha yake yote, na nitakayejua kwamba ilikuwa pasi ni mimi peke yangu.

Asubuhi nilivaa sare, nikamfuata jikoni akichemsha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Jana nilizima friji. Tangu saa tisa na robo mpaka saa kumi na mbili. Dawa zilipata joto. Nikafuta maji ili usijue."

Akazima jiko. Hakunipiga. Alikaa chini sakafuni, kijiko mkononi.

"Na ukanishikia pamba," akasema.

"Ndiyo."

Akapiga namba ya dharura ya kliniki, akaweka sauti ya nje. Nesi alipouliza dawa zilikaa nje ya ubaridi muda gani, mama mdogo alinigeukia. Akaninyooshea simu. "Sema wewe."

Mimi, ambaye hata darasani najibu kwa kunong'ona, nikataja muda.

"Ongeza sauti, binti, sikusikii," nesi akasema. "Jikoni kulikuwa na joto sana? Ya jana jioni alichoma?"

"Sana. Alichoma."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Niliogopa."

"Kuna dawa zinazovumilia, kuna zisizovumilia. Nisomee majina yote yaliyoandikwa, herufi kwa herufi, nimpelekee daktari. Mama asichome nyingine mpaka daktari ampigie."

Nikafungua friji, nikatoa kopo. Mama mdogo akainuka, akasimama nyuma yangu, akaushikilia mlango usijifunge. Nikaanza kusoma kwa sauti.