Mtu wa Mia Mbili wa Pruett Landing

Saa moja asubuhi. Delmar Hoskin ameegesha pikapu mbele ya nyumba ya mwalimu wake wa darasa la nne, ila hashuki. Kiti cha pembeni kimelaliwa na ufunguo wa chuma unaomfika kifuani akisimama, ule wa kufungia maji ya nyumba kwenye shimo la mita. Anawasha redio, anaizima.

"Nimefunga nyumba mia tatu na kitu kwa huu," anasema. "Hii ndiyo inanishinda."

Delmar, mwenye umri wa miaka 63, ndiye idara nzima ya maji ya Pruett Landing, mji mdogo wa kusini mwa Illinois. Anawasha pampu, anasoma mita, anaziba mabomba yaliyopasuka kwa baridi. Tena ndiye anayepanda ngazi kubadilisha idadi ya wakazi kwenye kibao cha kuingilia mji, kama baba yake kabla yake. Miji mingine husubiri sensa. Hapa tarakimu ni vibati vinavyoning'inizwa kwenye misumari, na mtu akizaliwa, akifa au akihama, vinabadilishwa siku hiyohiyo.

Leo kibao kinasema 200. Na leo Mwalimu Imogene Pfister, miaka 91, anahamia kwa binti yake, Indianapolis.

Ubaya uko hapo. Hati iliyouanzisha mji mwaka 1871 inasema wakazi wakishuka chini ya mia mbili, mji umekwisha, na mali yake yote inakabidhiwa kaunti. Kaunti nayo imeshasema haina haja na pampu kuukuu. Itaifunga, na watu watajua wenyewe, wachimbe visima au wahame.

Karani wa mji, Loretta Brumley, ametafuta mtu wa kuziba pengo hadi kanisani.

"Niliwauliza kina mama waziwazi, kuna mwenye habari njema ya mtoto?" anasema. "Mdogo kuliko wote pale ana miaka hamsini na nne. Walinicheka mpaka nikaona aibu."

Mwishowe Loretta alimshauri Delmar akiache kibao kama kilivyo. Nani atakuja kuhesabu vichwa huku? Delmar hakutaka hata kusikia.

"Baba alitoa namba ya mama yangu siku tuliyomzika, suti ya msiba bado mwilini," anasema. "Leo mimi nidanganye kwa ajili ya pampu?"

Na angemdanganyaje huyu? Kwa miaka 38, mpaka shule ilipofungwa mwaka 1994, Mwalimu Pfister alifundisha somo lisilokuwa kwenye mtaala wowote, yeye akiliita Mji Wetu. Kila mtoto alilikariri amesimama. Mji uko ukingo wa kaskazini wa Mto Ohio, pale mto unapopinda. Uko futi mia tatu na arobaini juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1910 ulikuwa na watu 4,870, wengi wakitengeneza vifungo vya nguo kwa magamba ya kome wa mtoni. Mwaka 1937 mafuriko yaliondoka na Mtaa wa Mbele wote. Kisha vikaja vifungo vya plastiki, kiwanda kikafa, na tangu hapo somo halikuwa na cha kuongeza, lilikuwa la kutoa tu.

Hata leo ukilima bustani hukosi magamba yenye matundu ya duara. Kwenye kibao pia umebaki msumari wa nne, ule wa maelfu. Umeota kutu na hauna kazi.

"Umechelewa, Delmar," Mwalimu anasema kutoka kibarazani.

"Nipo hapa tangu saa moja, Mwalimu."

"Nimekuona. Kukaa kwenye gari si kufika."

Desturi ya hapa ni kwamba anayehama hunywa kikombe cha mwisho kwenye bomba la nje, ndipo maji yafungwe. Binti yake, Ruthanne, anamshika kiwiko. Mwalimu anakunywa polepole, anakunja uso.

"Bado yana ladha ya chuma."

"Yana ladha hiyo tangu nizaliwe, Mwalimu."

"Nilikuwa nakungoja uyarekebishe." Anampa binti yake kikombe. "Haya, simama vizuri. Mji wetu uko wapi?"

Mzee mzima anavua kofia. "Ukingo wa kaskazini wa Mto Ohio, Mwalimu, pale mto unapopinda."

"Wakazi wake?"

"Mia mbili."

"Mia moja tisini na tisa," anamsahihisha.

Delmar anainama shimoni, anazungusha ufunguo. Machozi yanamtoka na hajisumbui kuyaficha. Mwalimu anampigapiga begani, kisha anapandishwa garini.

Saa mbili na nusu Delmar yuko chini ya kibao, ngazi ikiwa bado garini. Anasema mtu aliye njiani hajahama. Loretta anamletea mkate wenye nyama, hauli. Saa saba na nusu simu inalia. Ni Ruthanne.

"Tumefika. Mama anauliza kama umeshapanda ngazi."

Anapanda. Anatundika moja, anatundika tisa. Tisa ya pili hana, kwa sababu tangu zamani boksi la vibati lina moja tu. Anachukua sita, anaigeuza kichwa chini. Tundu lake sasa liko upande wa chini, kwa hiyo inazunguka kutaka kuwa sita tena, inakwamia kibati cha jirani, imelala ubavu. Anainyoosha mara tatu, inalala tena. Anaiacha.

Barua ya kaunti ya kuufunga mji inategemewa baada ya siku tisini. Hadi hapo, anasema, pampu itawaka kila asubuhi. Na baadaye?

"Nataka niwe wa mwisho. Nimewafungia watu wote hawa, sitaki mtu ahangaike kunifungia mimi."

Ile mbili na sufuri moja amezirudisha kwenye boksi. Sufuri nyingine ameiweka mbele ya usukani, juu ya risiti na glavu kuukuu. Akiulizwa ya nini, anawasha gari kwanza.

"Siku nitakayoondoka mimi nitahitaji sufuri moja tu," anasema. "Sitaki kuanza kuitafuta."