Taa Iliyonukia Nywele za Bibi

Juzi nilikuta foleni ya petroli hapa Tanga imefika barabarani, watu wakilalamika kwamba meli imechelewa. Nikamkumbuka bibi yangu wa Pangani. Zamani hizo, nikiwa mtoto, duka la mtaani kwetu liliishiwa mafuta ya taa, nayo meli haikuja. Alasiri moja bibi alichukua mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka nywele, akayamimina kifuuni, akasokota utambi wa pamba, akawasha kujaribu kabla ya Magharibi. Chumba kizima kikanukia kichwa chake. Nililia, nikidhani anayeungua ni yeye.

"Bibi, zima! Utakwisha!"

Akacheka, akanipakata, akaniinamishia kichwa.

"Haya nusa, mjukuu wangu. Nimekwisha?"

Nikanusa. Hakupungua hata kidogo.

Mnazi wake ungali uani, unazaa. Sisi tungali tunangoja meli.