Fundi wa pedi za gemu Debre Birhan na kosa lisilo lake

Jumamosi, tarehe 3 Tir, mwezi wa tano wa kalenda ya Ethiopia. Umande umeganda juu ya mabati ya Debre Birhan, Ethiopia, na jua la asubuhi bado halina nguvu. Ni saa mbili kasoro. Yeshimebet Ayalneh ametoka kanisani, netela, shali yake nyeupe, ingali begani, na tayari ameinamia meza yake akifungua pedi, kidude cha vitufe cha kuchezea gemu ya mpira, kwa bisibisi nyembamba.

Yeshimebet, mwenye miaka 41, ndiye fundi anayetegemewa na mabanda yote tisa ya gemu mjini hapa. Zamani alikuwa kiwandani akifuma mablanketi. Kiwanda kilipopunguza watu, alijiandikisha masomo ya jioni ya umeme, mwanamke pekee darasani.

"Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Kila jioni nilisali mlangoni kabla ya kuingia," anasema. "Niliomba Mungu anipe mikono tu. Akanipa."

Mikono hiyo humwingizia birr 80 kwa kila pedi, na kwa siku hutengeneza tano au sita. Imewasomesha binti zake wawili.

Lakini leo jina lake liko hatarini. Jana, katika nusu fainali ya gemu ya mtaa, Dagnachew, dereva wa bajaji na bingwa wa mwaka jana, alifungwa na mpinzani wake Zerihun dakika ya mwisho. Akasimama na kutangaza kwamba pedi iliyotengenezwa na Yeshimebet haikusikia kidole chake. Kufikia asubuhi, mabanda mawili yalikuwa yametuma watu kuja kuchukua pedi zao.

Sasa Dagnachew anaingia mwenyewe na pedi hiyo mkononi. Nyuma yake yupo Getnet, mwenye banda, na watu wengine wanane.

"Dada Yeshi, nakuheshimu, lakini jana umeniuza," anasema. "Nabonyeza pasi, mtu wangu anazunguka na mpira kama bibi harusi anayeonyesha gauni."

"Ulibonyeza mara ngapi?"

"Tatu. Kidole nusura kivunjike."

"Kidole chako kizima. Kila siku nakisikia kinavyopiga honi."

Watu wanacheka. Yeshimebet hacheki. Anachukua pedi na kuiunganisha na kibao alichokitengeneza mwenyewe, chenye taa ndogo inayowaka kila kitufe kinapobonyezwa. Anakiweka kando ya televisheni, kisha anawasha gemu ya zamani.

"Cheza."

Dagnachew anabonyeza. Taa inawaka na pasi inatoka, vyote kwa pamoja. Anarudia mara kumi, na mara zote kumi ni hivyo hivyo.

Yeshimebet anabadilisha, anaweka gemu mpya, ile ya jana. Mpira unafika na mchezaji anaanza kuzunguka kwa madaha. Dagnachew anabonyeza. Taa inawaka, mchezaji anaendelea kuzunguka. Inawaka tena, na tena. Mchezaji anapomaliza madaha yake, mpira umeshachukuliwa.

Getnet anainama kukitazama kibao.

"Taa imesikia," Getnet anasema taratibu. "Huyo jamaa wa kwenye televisheni ndiye asiye na habari."

"Gemu mpya ina miondoko iliyorekodiwa kwa watu halisi," Yeshimebet anaeleza. "Inapendeza macho. Ila mwondoko ukishaanza, wewe ni mtazamaji. Unasubiri uishe ndipo usikilizwe. Ile ya zamani ina sura mbaya, lakini mchezaji ni wako."

"Sasa mbona Zerihun alicheza gemu hiyo hiyo na akashinda?" Dagnachew anauliza.

"Zerihun anabonyeza mapema, kabla mpira haujagusa mguu."

Dagnachew anakuna kichwa. "Kwa hiyo nimefungwa kihalali."

"Kihalali kabisa, na Zerihun anakusalimia," mtu anasema kutoka mlangoni.

Dagnachew anainamisha kichwa kwa fundi. "Nisamehe, dada. Nitazunguka mabanda yote tisa leo, niseme kwamba mkosaji ni mimi."

"Nenda. Kwa miaka tisa hakuna pedi iliyorudi hapa kwa uzembe wangu," anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Kisha anasimama, anaiweka netela vizuri, na kuwatazama wote kumi.

"Muwe mashahidi. Mungu akinijalia uhai, kabla ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo, kila pedi nitakayotengeneza itakuwa na taa yake ndogo. Ikiwaka, lawama ni ya kidole au ya gemu. Isipowaka, nileteeni. Nitaitengeneza bure, na nitakwenda kwenye banda hilo, nisimame mbele ya watu, niseme fundi Yeshimebet amekosea."