Munevera, fundi aliyevalisha meza ya mabingwa kwa siri

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa michezo mjini Sarajevo bado una baridi. Viti vitupu. Taa moja tu imewashwa, ile inayomulika meza namba moja, na chini yake Munevera Spahalić anapitisha pasi juu ya kitambaa cha buluu, polepole, kutoka ncha hii ya meza hadi ile.

Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, mumewe Refik ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Hata hivyo kahawa inacheza.

“Wee mwanamke, unapiga pasi au unabembeleza mtoto?”

“Kunywa kahawa yako, mzee. Ukiimwaga hapa, leo unalala kwa dada yako.”

Ni siku ya mwisho ya mashindano ya kimataifa ya pool. Jumatatu walianza wachezaji 128. Leo wamebaki wanne. Meza zote kumi na sita walizochezea zilivalishwa kitambaa na fundi mmoja kutoka Zenica. Kwenye mkataba fundi huyo anaitwa Refik Spahalić.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Fundi ni Munevera.

Ana miaka 58. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo za kazi, akishona mifuko ya suruali. “Mifuko tu,” anasema huku akicheka. “Mungu alijua nitaishia kwenye meza zenye mifuko sita.” Kiwanda kilipofungwa, alirudi nyumbani na mkasi wake na kidole gumba kilichopinda kidogo. Hakiko sawa mpaka leo.

Refik wakati huo alikuwa na jina. Hapakuwa na klabu ya pool kati ya Zenica na Mostar ambayo hakuigusa. Wachezaji walisema meza ya Refik inajulikana hata ukifumba macho: mpira unakwenda bila kunong’ona.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Alidhani ni kahawa, akapunguza kahawa. Ukafuata wa kushoto. Daktari hakuzunguka mbuyu: ni maradhi ya mishipa ya fahamu, dawa zitayachelewesha, hazitayaondoa. Siku ile walirudi nyumbani kwa miguu, kilomita tatu, wakaketi jikoni.

“Nikamwambia, basi nifundishe,” anakumbuka Munevera. “Akaniuliza, nikufundishe nini? Nikamwambia, kitambaa ni kitambaa. Wewe una macho, mimi nina mikono. Tutakula.”

Pensheni yake Refik ni marka 590 kwa mwezi, na dawa zinameza zaidi ya robo. Meza moja huingiza marka 150. Lakini Munevera anasema fedha haikuwa jambo lililomkosesha usingizi.

“Mwanamume yule alikuwa amebakiwa na jina lake tu. Ningeruhusu watu waseme Refik kwisha?”

Ikawa desturi. Wakifika klabuni, Refik anasalimia, anatania, anabeba kisanduku cha vifaa. Kisha anasema hapendi kutazamwa akifanya kazi, mlango unafungwa. Ndani, Munevera anapiga magoti na Refik anaelekeza. Mlango ukifunguliwa, mke yuko kwenye kiti, anasuka sweta. Kwa miaka mitatu hakuna aliyegundua. Sweta lenyewe halijaisha.

Mchana wa siku ile ukumbi ulijaa. Nusu fainali ya kwanza ilianza saa nane, mbele ya kamera za nchi kumi na moja. Mfilipino Rodel Macaraig, kijana mpole anayependwa sana na watu wa Sarajevo, alikuwa nyuma kwa mchezo mmoja. Mpira mweupe ulikuwa umezibwa. Akainua fimbo yake fupi ili aurushe juu ya ule uliouzuia.

Mpira uliruka. Ncha ya fimbo ikachimba.

Waliokuwa mbele walisikia sauti ya kitambaa kikipasuka. Macaraig akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama aliyevunja chombo katika nyumba ya wenyeji wake. Mpasuko ulikuwa na urefu wa kiganja, katikati ya meza.

Kamera na taa zote zilikuwa zimefungwa juu ya meza ile, kuhama hakukuwezekana. Mkurugenzi wa mashindano, Mslovenia Drago Zavrl, alitazama saa yake. Kubadili kitambaa huchukua saa mbili. Televisheni ilimpa saa moja.

“Refik yuko wapi? Mleteni Refik!”

Refik akasimama. Hapakuwa na mlango wa kufunga. Zavrl akamkabidhi kisu cha kukatia, naye akakipokea, na ukumbi mzima ukaona ule wembe ukitetemeka chini ya taa.

Munevera alikuwa hatua mbili nyuma yake. “Nilitaka ardhi inimeze,” anasema. “Nikawaza nijifanye nimezimia, watu wanishughulikie mimi.”

Hakuwahi. Refik aligeuka, akamwekea kisu mkononi.

“Bwana Drago,” akasema, na kipaza sauti cha mwamuzi kikanasa kila neno, “mikono yangu iliniacha miaka mitatu iliyopita. Kila meza uliyoisifu humu ndani ameivalisha huyu hapa. Mke wangu. Nilikaa kimya kwa sababu niliona haya. Leo naona haya kukaa kimya.”

Zavrl alimtazama mzee, akamtazama mama aliyevaa sweta la kijivu. Kutoka jukwaa la juu mtu akapaza sauti kwa lafudhi ya Kizenica kabisa: “Sasa si mumpishe mama afanye kazi!”

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamvusha Zavrl. “Mama,” akasema, “una dakika hamsini na tano.”

Munevera akavua viatu, akapanda mezani. Boliti kumi na nane zikafunguliwa, kingo zikawekwa sakafuni, kitambaa kilichochanika kikatolewa, bamba la jiwe likafutwa. Akatandaza kipya, akakivuta kwa vidole, kidogo huku, kidogo kule, akikisikiliza zaidi ya kukitazama. Macaraig, bila kuambiwa, akaja kushika pembe. Munevera akampiga kofi dogo mkononi: anavuta sana. Kijana akalegeza. Hawakuwa na lugha moja, na hawakuihitaji.

Dakika ya arobaini na tano kingo zilikuwa zimerudi. Watu wakaanza kupiga makofi.

“Bado,” akasema Refik.

“Bado nini?”

“Viringisha mpira.”

Akauviringisha. Refik alikuwa ameweka shavu kwenye ukingo wa meza, jicho moja limefumbwa.

“Unakwenda kushoto.”

“Pima maji inasema iko sawa, mzee!”

“Pima maji haijalala na meza miaka thelathini. Watu wameiegemea, mguu wa nyuma umezama. Niamini.”

“Nikamwamini,” anasema Munevera. “Ningefanyaje? Yeye aliniamini mbele ya dunia nzima.”

Akalala chini, akauzungusha mguu robo mzunguko ili uinuke. Mpira ukaviringishwa tena, ukasafiri urefu wote wa meza, ukagusa ukingo wa mbali, ukarudi kwenye mstari uleule hadi mkononi mwake. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Refik akanyanyua shavu, na Munevera akamfuta vumbi la chaki kwa kiganja, palepale, mbele ya kamera za nchi kumi na moja.

Macaraig alishindwa. Kabla ya kuondoka alikuja kuwainamia wote wawili.

Wiki tatu baadaye, nyumbani kwao Zenica, kuna harufu ya pai ya mchicha na simu haipumziki. Mwenye klabu mmoja wa Kakanj alipiga akilalamika kuwa alidanganywa. Munevera akamuuliza kama meza ina kasoro. Mwenye klabu akaagiza avalishiwe nyingine mbili.

Refik hujaribu kuandika anayoyajua, lakini maandishi yake hayasomeki tena, kwa hiyo yeye husema na Munevera huandika. Wamefika ukurasa wa arobaini. Wenzake Munevera wawili wa zamani wa kiwandani wamemwomba awafundishe, naye ataanza nao baada ya baridi.

Kisha kuna mji wa Maribor. Zavrl anaandaa mashindano mengine huko mwezi Mei, meza ishirini, na ametuma mkataba. Panapoandikwa fundi, Munevera ameandika jina lake kwa mara ya kwanza. Mstari wa pili unauliza cheo cha mtu atakayefuatana naye.

“Niandike nani?” anamuuliza mumewe.

“Andika msaidizi.”

“Miaka thelathini bosi, leo msaidizi?”

“Andika msaidizi, wee mwanamke. Na chumba kiwe kimoja. Mkono wangu hutulia wewe ukilala karibu.”

Munevera anageuza uso dirishani kidogo. Kisha anachukua kalamu, anaandika.